Yungiyungi na gugu maji: ua la kienyeji linalolipia kosa la mgeni

Kila magugu maji yanapoziba Ghuba ya Winam kule Kisumu au kuzingira gati za Mwanza, mjadala ule ule huanza upya. Picha za maua ya zambarau husambazwa, na chini yake watu hubishana: hili ni yungiyungi, hapana ni gugu maji, hapana ni lotasi ya Mafarao. Wengine hutaka kila kinachoelea king'olewe. Wengine wamesikia kwamba "lotasi ya buluu" hununuliwa kwa dola ng'ambo, nao wanauliza itavunwaje. Kundi la tatu linasema ua la asili lisiguswe na mtu. Kwa kuwa kila kundi lina mmea wake akilini, ushauri wao haukutani popote. Uchambuzi huu unalichukua yungiyungi peke yake, ua la kienyeji la mabwawa na mito yetu, na kuuliza lina faida gani, nini kinalihatarisha, na litumiwe vipi bila kumalizwa.

Mimea mitatu, tabia tatu

Yungiyungi lina kiazi kilichojikita kwenye tope. Kutoka kwenye kiazi hicho hupanda vikonyo virefu, kila kimoja na jani lake au ua lake. Jani ni la mviringo, limelala juu ya maji, na lina mkato mmoja unaoanzia ukingoni na kuingia hadi pale kikonyo kinaposhikana nalo. Ukiuona mkato huo, huhitaji kitabu. Ua husimama peke yake juu ya kikonyo, kiasi cha kiganja au zaidi kutoka usawa wa maji, petali zake zimechongoka, na katikati kuna stameni za njano. Aina ya buluu hufunguka asubuhi jua likishapanda na kufunga alasiri. Yungiyungi jeupe, lile ambalo wataalamu huliita Nymphaea lotus, hufunguka usiku.

Gugu maji halina kiazi wala halihitaji tope. Linaelea lote, mizizi yake ya nyuzinyuzi nyeusi ikining'inia majini, na vikonyo vya majani yake vimevimba kwa hewa. Maua yake hukaa mengi pamoja kwenye shada moja, na petali ya juu ina doa la njano. Lotasi ya Asia nayo ina jani lisilo na mkato, linalosimama juu ya maji badala ya kulala, na mbegu zake hukaa ndani ya tumba bapa lenye matundu.

Tofauti hizi zina uzito kuliko sura. Gugu maji limetoka Amerika ya Kusini na likaletwa Afrika kwa sababu ya uzuri wa maua yake. Lilionekana Ziwa Kyoga mwaka 1988, na muda mfupi baadaye likawa limeingia Ziwa Viktoria, ambako Mto Kagera umeendelea kulisafirisha kutoka juu. Lina uwezo wa kujizidisha maradufu katika wiki mbili hivi kwa kuchipua ubavuni, bila kungoja mbegu, na wadudu walao majani yake walibaki kwao Amerika. Ndiyo maana Uganda mwaka 1995, kisha Kenya na Tanzania, ziliagiza fukusi wa jamii ya Neochetina na kuwaachia ziwani. Yungiyungi liko hapa na maadui wake wote: mbawakawa, konokono, viboko, mawimbi yenyewe. Haliwezi kuishi kwenye kina kirefu, kwa kuwa jani lazima lifike juu likitokea kwenye tope. Ndiyo sababu ziwa zima haliwezi kufunikwa na yungiyungi. Hukaa pembezoni, mahali ambapo perege wachanga hujificha na ndege aitwaye sile-maua hutembea juu ya majani kwa vidole vyake virefu.

Mwenyeji aliyesafiri mbali

Yungiyungi la buluu limeenea kuanzia Misri hadi Afrika Kusini. Petali zake zilifumwa kwenye mashada yaliyozikwa pamoja na Tutankhamun, ambaye kaburi lake lilifunguliwa mwaka 1922. Pwani ya Afrika Mashariki ina sehemu yake katika historia hii, tena sehemu kubwa kuliko wengi wetu tunavyojua. Mwaka 1877 Robert Caspary, mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, alilipa jina la kisayansi yungiyungi lenye buluu iliyokoza lililokusanywa Zanzibar na msafiri Hildebrandt: Nymphaea zanzibariensis. Baadaye, mwaka 1989, Bernard Verdcourt wa bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, aliliweka kama aina ndogo ndani ya spishi pana ya Nymphaea nouchali. Jina la Zanzibar likabaki, na hadi leo limo kwenye orodha za wauzaji wa maua ya mabwawa Ulaya na Marekani.

Bara nalo lilitoa. Tanzania ina yungiyungi la njano, ambalo ni adimu sana kati ya mayungiyungi ya nchi za joto. Mbegu zake zilifika bustani ya mimea ya Missouri, mjini St. Louis, wakati wa utawala wa Waingereza Tanganyika. George Pring, mkulima wa bustani hiyo, alilichanganya na maua mengine akapata chotara la njano alilolipa jina la mji huo. Mwaka 1933 chotara hilo likawa yungiyungi la kwanza kupewa hataza nchini Marekani. Kwa ufupi, sehemu ya damu ya maua ya fahari yanayopamba mabwawa ya hoteli duniani ni ya mabwawa yetu. Hakuna kijiji kilichoombwa ruhusa, na enzi hizo hakukuwa na sheria iliyotaka hivyo.

Hoja ya kwanza: ling'olewe

Wanaotaka yungiyungi liondolewe hawana chuki na maua. Ni mvuvi ambaye nyavu zake hunasa kwenye vikonyo, mfugaji anayetaka lambo lenye maji wazi, na mkulima wa mpunga anayeona majani mapana yakikinga jua lililopaswa kuangukia miche yake. Malalamiko yao ni ya kweli. Katika jaruba la mpunga yungiyungi ni gugu, na hakuna mtu anayepaswa kumwambia mkulima alipe gharama ya uzuri kwa njaa yake. Kuna pia hofu ya afya. Konokono wanaobeba kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye mimea, na anayeingia humo kila siku yuko hatarini.

Udhaifu wa hoja hii unaonekana inapotolewa nje ya jaruba na kupelekwa ziwani. Kung'oa mimea yenye mizizi kwenye ukingo hakupunguzi gugu maji hata kidogo. Kinyume chake, kunaacha nafasi wazi, yenye maji yaliyotulia na tope lililovurugwa linaloachia virutubisho, hali ambayo gugu maji huingoja. Mazalia ya samaki nayo huondoka. Hivyo mvuvi aliyefungua njia pana mno leo anaweza kujikuta na perege wachache mwakani na magugu mengi zaidi. Anachohitaji ni njia ya mtumbwi iliyokatwa kwa mkono, huku pande zake zikiachwa. Kusafisha ukingo mzima ni hasara juu ya hasara.

Kuna kosa jingine lisilotajwa sana. Katika nchi zenye kiangazi kirefu, bwawa la msimu hukauka na majani yote hupotea. Mtu akipita huona tope lililopasuka. Kumbe viazi vimelala chini, vikingoja mvua. Malambo yanapofukuliwa kwa katapila wakati huo, viazi hutupwa kingoni pamoja na udongo na kufa kwa jua. Wanaofukua hawakukusudia kuua chochote, kwa kuwa machoni mwao hapakuwa na mmea.

Hoja ya pili: livunwe

Hoja hii ina matawi mawili ambayo lazima yatenganishwe, la chakula na la soko la ng'ambo.

Chakula ni matumizi ya zamani na yenye heshima. Viazi vya yungiyungi huchimbwa maji yanapopungua, humenywa, kisha huchemshwa au kuchomwa. Vina wanga na uchungu kidogo. Mbegu huliwa pia. Katika mabwawa makubwa ya Sudd, Sudan Kusini, kina mama huingia majini kukusanya matunda, huyaacha yaoze ili mbegu ziachane na utelezi wake, huziosha, huzikausha na kuzisaga unga. Njaa ilipotangazwa katika sehemu za Jimbo la Unity mwezi Februari 2017, familia zilizokimbilia visiwa vya bwawani ziliishi kwa mayungiyungi na samaki. Chakula hiki hakihitaji mbegu ya dukani wala mbolea, na adui anayechoma maghala hawezi kukichoma. Huko Bangladesh, ambako yungiyungi ni ua la taifa, vikonyo hupikwa kama mboga na kuuzwa sokoni kwa mafungu.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba mtumiaji anaishi na mmea wake. Anajua akimaliza viazi mwaka huu, mwakani hana kitu. Udhaifu wake uko kwenye maji yenyewe. Mimea ya maji hufyonza metali nzito, kwa hiyo kiazi kilichochimbwa chini ya machimbo ya dhahabu yanayotumia zebaki, au kwenye mfereji unaopokea maji ya viwanda, hakifai kuliwa hata kama ua lake linapendeza. Waganga wa sehemu nyingi za Afrika na Asia wametumia kiazi hicho hicho kuzuia kuhara, na kweli kina tanini nyingi zinazokaza. Lakini anayeharisha anahitaji maji na chumvi kwanza, na mtoto asicheleweshwe zahanati kwa ajili ya dawa hiyo.

Tawi la pili ni lile la "lotasi ya buluu". Petali zilizokaushwa za yungiyungi la buluu huuzwa kwenye mtandao kama chai ya kutuliza, na mafuta yake huvutwa kwa sigara za umeme. Mmea una alkaloidi, nuciferine ikiwa mojawapo, na wauzaji hudai ndizo zilizowalevya makuhani wa Misri. Mwaka 2023 madaktari wa jeshi la Marekani waliandika kuhusu askari waliofikishwa hospitalini wakiwa wamechanganyikiwa baada ya kuutumia. Marekani haijaidhinisha mmea huu kwa matumizi ya kula au kunywa, nazo Poland na Urusi zilishaupiga marufuku mwaka 2009.

Kijana wa kando ya ziwa anayeona bei za ng'ambo hana kosa kuvutiwa, maana kazi ni chache. Lakini hesabu haimwendei. Ua moja lina petali chache na nyepesi, kwa hiyo kilo moja kavu inahitaji maua mengi mno. Kila ua linalochumwa halitoi mbegu. Soko lenyewe linaweza kufungwa na serikali yoyote siku yoyote, na mnunuzi wa mwisho hajui kama pakiti ina yungiyungi la Afrika au ua jingine kabisa. Hatari yote inabaki kwa mchumaji na kwa bwawa. Sioni namna ya kuitetea biashara hii.

Hoja ya tatu: lisiguswe

Watetezi wa mazingira husema jibu ni uzio na sheria. Sheria zipo. Tanzania, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Ardhi oevu kadhaa zimeingizwa kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, likiwemo Bonde la Kilombero mwaka 2002, na Kenya iliingiza Ziwa Naivasha mwaka 1995. Hoja hii ina ukweli mzito: yungiyungi haliwezi kuokolewa nje ya maji yake.

Lakini Naivasha yenyewe inaonyesha mahali hoja hii inapopwaya. Ziwa lile lilikuwa na ukanda mpana wa mayungiyungi ya buluu mbele ya mafunjo. Hakuna aliyeyavuna kwa wingi na hakuna aliyeyauza. Katika miaka ya 1960 alifika koipu, mgugunaji mkubwa wa Amerika ya Kusini aliyetoroka kwenye shamba la wanyama wa manyoya. Mwaka 1970 waliachiwa kamba wekundu wa maji baridi kutoka Louisiana, ili wavuliwe na kuuzwa nje. Kamba hao hula mimea, mizizi na machipukizi yake, na usiku mmoja wanaweza kukata mche uliochukua miezi kupanda kutoka kwenye tope. Kufikia miaka ya 1980 ukanda ule ulikuwa umetoweka. Hadhi ya Ramsar ilipokuja mwaka 1995, ilikuta ua limeshaondoka.

Mfano wa pili unatoka Rwanda. Huko Mashyuza, karibu na Bugarama, yungiyungi dogo kuliko yote duniani liliota kwenye tope lililoloweshwa na chemchemi ya maji moto. Jani lake linaweza kuwa na upana wa sentimita moja tu. Eberhard Fischer, mtaalamu wa Kijerumani, alilikuta mwaka 1987 na kulipa jina Nymphaea thermarum. Maji ya chemchemi yalipochepushwa, tope likakauka, na kufikia 2008 ua halikuonekana tena porini. Lilibaki katika bustani ya mimea ya Bonn, Ujerumani, na mwaka 2009 Carlos Magdalena wa bustani ya Kew aligundua siri ya kulikuza: mbegu zake, tofauti na za ndugu zake, zinahitaji kuwa karibu na hewa badala ya kuzama. Januari 2014 mche mmoja uliibwa Kew. Halafu mwaka 2023 habari njema ikaja kwamba limeonekana tena porini Rwanda. Hapa napo hapakuwa na mchumaji wala mlaji wa kulaumiwa. Kilichobadilika ni mkondo wa maji. Na kilicholiokoa ua katika miaka ile ya katikati ni mikono ya wakulima wa bustani.

Bustani: faida na mtego wake

Hapo ndipo matumizi ya mapambo yanapopata uzito. Yungiyungi la kienyeji ni rahisi kulea. Tunda lake hukomaa chini ya maji na kupasuka ghafla. Mbegu huelea kwa muda mfupi zikiwa na utando mweupe wa utelezi, kisha huzama. Kwa hiyo tunda hufungwa kwa kipande cha shashi kabla halijapasuka. Mbegu hupandwa kwenye udongo wa mfinyanzi ndani ya beseni, zikifunikwa na maji kidogo tu, na mche unapokua hushushwa kwenye kina kikubwa zaidi. Linahitaji jua la kutosha na maji yasiyochafuka kwa mbolea mbichi. Aina ya Zanzibar ikipandwa kwa mbegu inaweza kutoa maua mwaka huo huo. Perege wachache kwenye bwawa hula viluwiluwi vya mbu, na bwawa lisilo na samaki ni afadhali lisichimbwe, maana litafuga malaria.

Mwenye subira akikaa kando ya bwawa hilo asubuhi ataona jambo la ajabu. Siku ya kwanza ua linapofunguka, katikati yake kuna kidimbwi cha majimaji. Mdudu anayetoka ua jingine huteleza humo, chavua aliyobeba huoshwa na kuliingia ua, na mara nyingine yeye hufa maji. Siku zinazofuata kidimbwi hakipo, na stameni hutoa chavua kwa wageni wapya.

Mtego uko kwenye chanzo cha mche. Hoteli na wenye nyumba wengi hutaka ua kubwa zaidi na rangi kali zaidi, na hapo huagizwa machotara. Mengi kati ya hayo ni tasa, lakini si yote. Na kwa kuwa wazazi wao ni mayungiyungi ya Afrika, yale yenye rutuba yanaweza kuchanganyika na ya kwetu kwa urahisi. Sri Lanka imeshaonja hali hiyo. Ua lao la taifa ni yungiyungi la buluu hafifu, Nil Manel. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Peradeniya walionyesha kwamba ua la zambarau lililoenea kwenye mabwawa yao, likitolewa hekaluni na hata kuchorwa kama ua la taifa, lilikuwa chotara la bustani. Watu walidhani wanaliheshimu ua lao kumbe wanalifungulia mgeni mlango. Na tusisahau kwamba gugu maji lenyewe lilianza safari yake kama pambo.

Uamuzi

Nikizipima hoja hizi, naona kinachoua yungiyungi ni mambo mawili: maji yanayobadilishwa na wageni wanaoingizwa. Mlaji wa kiazi ana madhara madogo mno akilinganishwa nayo, na ni makosa kumfungia bwawa yeye kwanza huku mfereji ukichepushwa bila maswali. Matumizi ya chakula yabaki kuwa haki ya wanaoishi na bwawa, mahali ambapo maji ni safi. Kukata kwa mkono njia za mitumbwi na kupalilia majaruba kuruhusiwe. Biashara ya petali kwa ajili ya ulevi ikataliwe.

Mapambo ndiyo yanayobeba matumaini zaidi, kwa sharti moja gumu: mbegu itoke kwenye bwawa la eneo lile lile, na machotara yasikaribie maji yoyote yanayounganika na mto au ziwa. Sharti hili lina gharama. Mwenye hoteli atakosa ua la waridi lenye upana wa sahani, na muuza miche atahitaji kujua mbegu zake zimetoka wapi. Lakini kikundi cha kijiji kinachokuza miche kutoka kwa mbegu kina bidhaa ambayo haihitaji kumaliza bwawa, na kina jina la mahali ambalo wauzaji wa ng'ambo wamelitumia tangu karne ya 19. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 kuhusu kugawana faida za rasilimali za kijenetiki, iliyoanza kutumika 2014, haiwezi kudai chochote kwa mbegu zilizoondoka kabla yake. Kwa mbegu zitakazoondoka kesho, inaweza.

Kwa upande wa serikali za mitaa na vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU), yapo ya kuanza nayo msimu huu. Kabla ya zoezi la kung'oa magugu maji, washiriki waonyeshwe mkato wa jani la yungiyungi na uvimbe wa kikonyo cha gugu maji, mimea yote miwili ikiwa mkononi. Na lambo linapofukuliwa wakati wa kiangazi, kona moja iachwe bila kuguswa na katapila, ili mvua zikirudi viazi vilivyomo vichipue na kulijaza tena.